Mrija Ulizibuliwa, Kibofu Hakikusahau

Saa ya mdogo wangu imefungiwa kwenye kabati la ofisi ya walimu tangu wiki ya pili ya muhula. Ni saa nyeusi ya plastiki, ile ya kununua kwa machinga, na kosa lake ni kwamba hulia kila baada ya saa tatu. Ililia katikati ya kipindi cha Hisabati, mwalimu akaichukua, akasema itatoka mzazi akija. Mdogo wangu ana miaka 14, yuko Kidato cha Kwanza. Hakueleza saa ile ni ya nini, na mimi namwelewa. Darasa zima limegeuka linakutazama, nani atasimama aseme, "Mwalimu, hiyo ndiyo inayonikumbusha kwenda kukojoa"?

Kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa. Alinijibu kwa simu ya mama: "Andika kaka, ila usiweke jina." Basi jina halimo, na shule yake haimo.

Mwalimu yule simchukii. Kwanza sijui alikuwa na siku ya namna gani, pili mimi mwenyewe nakaribia kuwa yeye. Niko mwaka wa tatu wa ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Kemia, na kwenye mafunzo kwa vitendo nimewahi kumwambia mwanafunzi "subiri kipindi kiishe" bila hata kuinua uso kwenye daftari la maandalio. Ninachotaka kulalamikia ni kitu kilicho nyuma ya lile kabati. Nadhani kinatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko watu wote hapa chuoni. Tunafundisha mfumo wa mkojo kama mfumo wa mabomba: figo ni mtambo, ureta ni mabomba, kibofu ni tangi, mrija wa mkojo ni bomba la kutolea maji. Bomba likiziba, fundi anazibua, maji yanatoka, kazi imekwisha. Nyumbani kwetu tuliamini hivyo kwa karibu miaka kumi, na mtoto akaumia.

Tatizo alilozaliwa nalo linaitwa valvu za nyuma za mrija wa mkojo. Huwapata wavulana tu. Mtoto akiwa bado tumboni, ndani ya mrija, chini kidogo ya kibofu, hubaki utando mwembamba ambao haukupaswa kuwapo. Mkojo ukija, utando hutanuka kama tanga la jahazi lililoshika upepo, na njia inabanwa. Makadirio ya kawaida ni mvulana mmoja kati ya 4,000 hadi 8,000. Daktari wa Marekani, Hugh Hampton Young, na wenzake waliueleza na kuugawa katika aina tatu mwaka 1919 kule Baltimore, kwa hiyo si ugonjwa mpya. Ni mpya kwenye masikio yetu tu.

Mama aliona mapema kwamba kuna kitu. Mtoto akikojoa anakunja uso, anakaza tumbo, halafu yanatoka matone. Homa haziishi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili alipofika hospitali ya rufaa, wakaingiza kamera ndogo kwenye mrija na kuukata ule utando. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka baba aliporudi usiku alisema, "Mtoto amezibuliwa." Neno hilo likakaa nyumbani. Shangazi akija anauliza, mama anajibu: alizibuliwa.

Sasa ngoja niseme sehemu yangu. Kuanzia alipofika miaka mitano tulilala godoro moja. Kila alfajiri shuka limelowa, na mimi nimelowa. Nilikuwa nimeingia sekondari, najiona mkubwa, nikawa naamka na hasira. Nilimwita kikojozi. Watoto wa jirani walimwimbia, mimi nikacheka nao. Nilimzaba makofi, si mara moja. Halafu tukabuni dawa yetu ya nyumbani: ikifika saa 11 jioni, maji marufuku. Alikuwa akilia kiu. Kuna usiku nilimkuta amekaa bafuni gizani anakunywa maji ya ndoo kwa kiganja, nikamrudisha kitandani kwa kumvuta sikio. Na kila mtu nyumbani alikuwa na swali lilelile: si alishapasuliwa? Kama njia iko wazi, anakojoaje kitandani mtoto wa miaka tisa? Basi ni uvivu. Ni kudekezwa. Yaani tulikuwa na mantiki kabisa, mantiki ya bomba.

Jibu la swali lile nililipata hapa chuoni, na nililipata kwa kuchelewa hata baada ya kufundishwa. Mwaka wa pili kwenye baiolojia ya seli tulisoma jinsi seli zinavyopeana taarifa. Mhadhiri alichora ubaoni protini moja inayoitwa TGF-beta, mishale ikienda huku na huku. Nilikariri mishale yote, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, nikasahau. Wenye kudesa mnanielewa. Miezi kadhaa baadaye nilimsindikiza mama kliniki, daktari akatamka neno "kovu" akionyesha picha ya kibofu cha mdogo wangu kwenye ultrasaundi, ukuta wake umenenepa. Ndipo nilipokumbuka ile mishale. Niliporudi hosteli nilisoma mpaka umeme ukakatika.

Tuanze na kibofu chenyewe. Si tangi. Ni mfuko wa misuli laini iliyopangwa kwa mafungu, na katikati ya mafungu kuna nyuzi za kolajeni kiasi cha kuushikilia mfuko bila kuubana. Kazi zake ni mbili na zinapingana: kutulia na kutanuka wakati mkojo unaingia, kisha kukaza na kusukuma wakati wa kutoka. Mtoto tumboni hukojoa. Kuanzia katikati ya ujauzito sehemu kubwa ya yale maji yanayomzunguka ni mkojo wake mwenyewe. Kwa hiyo mtoto mwenye valvu hizi anaanza kusukuma mlango uliofungwa miezi mingi kabla hajazaliwa, wakati ule ule ambao ukuta wa kibofu bado unajengwa. Anajengewa kibofu chake juu ya shinikizo.

Seli ya msuli ina protini kwenye ngozi yake zinazoishikiza kwenye nyuzi za nje, zinaitwa integrini. Ukuta ukivutwa, integrini zinavutika, na ule mvuto unageuzwa ndani ya seli kuwa taarifa ya kikemia: kua, ongezeka. Seli zinanenepa na kuzaliana, kama mabega ya kijana aliyeanza kubeba zege akiwa mdogo. Mpaka hapo ungesema vizuri, msuli umepata nguvu. Lakini kibofu kikikaa kimejaa kwa shinikizo kubwa, mishipa ya damu ndani ya ukuta wake inabanwa, na oksijeni inapungua. Seli zinazokosa oksijeni huacha protini iitwayo HIF-1 ijikusanye na kuwasha jeni za dharura. Mvuto na ukosefu wa hewa, kila kimoja kwa njia yake, vinamwita yule mtu wa mishale ubaoni.

TGF-beta ikishika kipokezi chake juu ya seli, huamsha protini za kundi la Smad, nazo hubeba ujumbe hadi kwenye kiini na kuwasha jeni za kolajeni. Mwilini kuna vimeng'enya vya kukata kolajeni iliyozidi, ila katika hali hii vizuizi vya vimeng'enya hivyo navyo huongezeka. Nyuzi zinashonwa, za kufumua hakuna. Zinajaa katikati ya mafungu ya misuli mpaka ukuta unakuwa mgumu. Na kitu kilichonishtua zaidi ni hiki: baadhi ya seli za msuli zenyewe hubadili kazi. Zinapunguza zana za kukaza, zinaanza kutengeneza nyuzi. Msukuma mkokoteni ameacha mkokoteni, ameanza kusuka kamba ya kujifunga.

Hebu sasa mlete daktari na kamera yake. Anakata utando, dakika chache, njia wazi. Ameondoa sababu ya mwanzo. Kolajeni iliyokwisha kushonwa haijatoka, na seli zilizobadili kazi hazijapata barua ya kurudi kazini. Mwaka 2020 watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha jaribio ninalolipenda kwa sababu ni swali la shangazi yangu neno kwa neno. Walibana kiasi mrija wa mkojo wa panya, wakaacha kibofu kiharibike, kisha wakafungua. Kufungua peke yake hakukutosha. Kibofu kiliendelea kuwa kigonjwa, na jeni zake ziliendelea kusomwa kama vile kizuizi bado kipo. Walipowapa baadhi ya panya dawa ya rapamaisini, ambayo hufunga njia moja ya ukuaji ndani ya seli iitwayo mTOR, kibofu kilipata nafuu. (Dawa hiyo imepewa jina la kisiwa cha Rapa Nui, kwa sababu bakteria wake walipatikana kwenye udongo wa huko.) Sisemi watoto wapewe rapamaisini, ni dawa inayoshusha kinga ya mwili na ile ilikuwa kazi ya panya. Ninachokipata pale ni kwamba kinachoendelea baada ya kuzibua ni ugonjwa, una molekuli zake, na mtu anaweza kuuvuruga akiujua. Uvivu hauna mTOR.

Tena hatujafika kwenye figo. Shinikizo lile halikubaki kwenye kibofu, lilipanda ureta mpaka kwenye figo zilizokuwa bado zinaumbwa, na huko nako makovu yakaingia. Figo iliyoumia namna hii mara nyingi hushindwa kuubana mkojo, yaani kurudisha maji mwilini. Matokeo yake mtoto anatoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji, mchana na usiku, ndani ya kibofu kigumu ambacho hakisikii vizuri kwamba kimejaa. Unganisha hayo na ule uamuzi wetu wa saa 11 jioni. Tulimnyima maji mtoto ambaye figo zake haziwezi kuyahifadhi. Kiu yake ilikuwa kweli. Nimewahi kumwomba radhi kwa hilo, akaniambia "yameisha kaka", lakini mimi ndiye najua lile sikio nililivuta namna gani.

Kati ya wavulana wanaozaliwa na tatizo hili, hadi theluthi moja figo zao hushindwa kazi kabla ya kufika miaka 30. Ndiyo maana kliniki wanapima kreatinini kila mara, na ndiyo maana ile saa ipo. Kwa kuwa kibofu hakimwambii, saa inamwambia. Anaenda kwa ratiba, anakojoa, anasubiri dakika chache, anakojoa tena ili kilichobaki kitoke, maana kinachobaki kinaleta maambukizi na kurudisha shinikizo juu. Kwa hiyo akienda chooni anachelewa kurudi. Mwalimu asiyejua ataona mtoro anayezurura. Wapo wenzake ambao hali zao zimefika mbali zaidi, hao hutoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, na wanahitaji choo chenye mlango unaofungwa na maji ya kunawa. Fikiria vyoo vya shule uliyopangiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kisha tuendelee.

Kuna na mama. Kwa miaka mingi aliulizwa alikula nini, alimeza vidonge gani, alimkosea nani. Bibi mmoja wa ukoo alisema waziwazi kwamba mimba ile "ilichezewa". Mama hakuwa na jibu, alinyamaza. Siku hizi jibu lipo kwa kiasi fulani. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mabadiliko adimu kwenye jeni iitwayo BNC2 yanaweza kuleta kuziba kwa njia ya mkojo ya chini, yakirithishwa ndani ya familia. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walisoma jenomu nzima za wavulana 132 wenye valvu hizi, wakalinganisha na watu 23,727 wasio nazo, wa asili mbalimbali za dunia, wakaonyesha maeneo mawili, karibu na jeni TBX5 na PTK7. Jeni hizi zina kazi katika namna mtoto anavyoumbwa, hiyo ya pili katika namna seli zinavyojipanga na kusogea. Kwa wavulana wengi hakuna jeni moja ya kunyooshea kidole. Ni mchanganyiko wa vitu vidogo katika wiki za mwanzo. Mama hakula kitu, hakumkosea mtu. Nilipomweleza haya jikoni, huku nachora kwenye bahasha, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hata ningewahi kliniki ule utando ungekuwepo?" Nikamwambia ndiyo, ungekuwepo. Akaendelea kumenya ndizi.

Najua mtakachosema, kwa sababu niliyatoa haya kwenye kikundi chetu cha majadiliano nikajibiwa. Mwalimu si daktari. Ukiruhusu mmoja, nusu ya darasa itaumwa kibofu. Kweli, na mimi nimefundisha vipindi viwili mfululizo vya dakika 80 jumla, najua wanafunzi wanavyokimbilia chooni kukwepa swali. Lakini hakuna anayekuomba upime ugonjwa. Kumkatalia mtoto choo nako ni uamuzi unaogusa mwili wake, na tunaufanya kila siku bila elimu yoyote, kwa kuamini kwamba kibofu ni tangi na tangi linaweza kusubiri. Kama hatutaki kuwa madaktari, basi tusitoe amri za kidaktari. Hasara ya kumwachia mjanja mmoja dakika tano naweza kuibeba. Hasara ya upande wa pili inabebwa na figo ya mtu mwingine.

Na hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa Baiolojia. Mada ya utoaji taka mwilini tunaifundisha kila mwaka. Mchoro upo, tunaurudia, wanafunzi wanaweka majina: figo, ureta, kibofu, mrija. Ni dakika ngapi zingetumika kusema kwamba kibofu ni msuli hai, unaojengwa tumboni, unaobadilika ukibanwa na usiorudi kirahisi? Darasani kwako huenda hakuna mwenye valvu. Lakini yupo mwenye mgongo wazi aliyefanyiwa upasuaji utotoni ambaye kibofu chake kina shida inayokaribiana na hii, yupo anayelowesha kitanda kwa sababu nyingine, na wapo 60 wengine watakaokuwa wazazi na mashangazi. Walimu wetu wa saikolojia ya elimu walitufundisha kukojoa kitandani kama dalili ya hofu na malezi. Inaweza kuwa. Ila hakuna aliyetaja kolajeni hata mara moja, na mtihani ulipita.

Wenzetu wa udaktari nao nina neno dogo. Mnapowaambia wazazi "upasuaji umefanikiwa", wazazi wa huku kwetu wanasikia "amepona". Malizieni sentensi.

Serikali ya wanafunzi ina kamati ya afya na ina kamati ya taaluma, na zote mbili zinatafuta la kufanya kabla hatujatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Naomba saa mbili za jioni moja, ukumbi wowote, wanafunzi wa udaktari waje watueleze watoto wenye magonjwa ya figo, ya kibofu, kisukari, selimundu, kifafa, wanaokaa kwenye madawati yetu. Posho hazihitajiki. Nitabeba viti mwenyewe.

Jumatatu nina ruhusa ya kutokuwepo kwenye semina. Mama na mimi tutakuwa getini pale shuleni saa moja na nusu asubuhi na barua ya kliniki. Nilimwandikia mwalimu wa Hisabati kurasa mbili zenye TGF-beta na kila kitu, nikazichana, nikaandika mistari minne: saa hii ni sehemu ya matibabu yake, ikilia, mruhusu atoke, akichelewa kurudi, si utoro, asizuiwe kunywa maji. Nimenunua na betri mpya, isije ikawa ile ya zamani imeishia humo kabatini.